Kabureta Mbili na Daftari la Marehemu Baba

Kwa muda wa miezi kumi na minne gari la marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, lilikaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu hapa Nachingwea, limefunikwa turubai la kuanikia ufuta. Kuku walipata upenyo katika dirisha lisilofunga vizuri, wakawa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Na kwa miezi hiyo hiyo kumi na minne mimi na kaka yangu wa Ruangwa hatukusemezana. Naandika habari hii kwa idhini yake, naye aliitoa kwa sharti moja tu: nisijipambe. Nitajitahidi.

Wanaonifahamu watashangaa kidogo. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Ndiye ninayeandika mihtasari ya vikao na kutunza daftari la michango, na si mara moja wala mbili nimeketishwa kati ya ndugu waliokosana na kuwakumbusha zile siku tatu ambazo Muislamu hapaswi kuzivuka akiwa amemnunia nduguye. Chuoni, katika masomo yote niliyosomeshwa, hakuna lililonikaa moyoni kama elimu ya mirathi. Niliipenda kwa sababu ni elimu yenye hesabu, nami nilidhani hesabu ikishakuwa sahihi hakuna wa kugombana nayo.

Baba yetu alikuwa dereva wa malori ya ushirika, enzi ambazo korosho za wilaya hizi zilisafirishwa kwa barabara ambazo leo kijana wa bodaboda angekataa kuzipita hata kwa nauli mara tatu. Ufundi aliurithi kwa mjomba wake, aliyekuwa kijana wa kushika spana hapa Nachingwea wakati wa ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjika 1951. Mradi ulikufa, na reli iliyojengwa kuuhudumia kutoka Mtwara nayo haikudumu, lakini mikono iliyozoea injini ilibaki, ikafundisha mikono mingine. Baba alikuwa na nyumba mbili. Mama mkubwa alikuwa Ruangwa, nyumbani kwao, na mama yangu mzazi alikuwa hapa. Alilala siku tatu huku na siku tatu kule, na kama gari lilimharibikia njiani akakosa usiku mmoja wa zamu, aliulipa. Sisi watoto tulihesabu siku zake kwa sauti ya injini. Ukiisikia inapanda kile kilima cha mwisho, mtu anawahi kufungua geti na mwingine anaficha ngoma ya redio.

Gari lenyewe ni Volvo, aina ya 122S, la miaka ya 1960, rangi ya maziwa iliyokwisha kuwa ya maziwa mgando. Alilinunua 1984 kwa mfanyabiashara wa Lindi aliyekuwa akihama. Kwa nini Volvo, wakati wenzake wote walitamani Peugeot au Land Rover? Kwa sababu ya Joginder Singh. Mwaka 1965, Singasinga huyo wa Kenya pamoja na nduguye Jaswant walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki wakiendesha Volvo PV544, gari lililokwisha kutumika kabla ya kufika mikononi mwao, na injini yake ni ya ukoo mmoja na injini ya gari la baba. Kila lori lilipotupita barabarani, baba aliturudia hadithi hiyo, na mwisho wake ulikuwa daima kwamba Joginder hakuwa na haraka. Miaka miwili iliyofuata mashindano hayo yalishindwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Peugeot 404, lakini sehemu hiyo baba hakupenda kuisimulia.

Alipofariki alituacha warithi tisa: wajane wawili, wana wa kiume watatu na mabinti wanne. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Wasomaji waliosoma mirathi wameshaanza kupiga hesabu, nami niliipiga usiku ule ule wa hitma. Wajane wanagawana thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Iliyobaki ni ya watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja. Ukitaka zisiwepo sehemu zenye mikia, unaigawa mali yote mafungu 80: kila mjane 5, kila mtoto wa kiume 14, kila binti 7. Nyumba na mashamba ya mikorosho tuliyamaliza kwa utulivu, kwa kuwa mkorosho unahesabika. Likabaki gari.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alipita akatoa shilingi 2,400,000. Nami moyoni nilifurahi, kwa kuwa kiasi hicho kinagawanyika kwa 80 bila kubakisha hata senti: fungu moja ni shilingi 30,000. Mama zetu wangepata 150,000 kila mmoja, dada zetu 210,000, sisi 420,000. Kaka wa Ruangwa alisema gari lisiuzwe. Nilimuuliza kwa hoja gani ya kisheria. Akasema hana hoja ya kisheria, ila lisiuzwe.

Hapa ndipo linapoingia sharti lake la kutojipamba. Badala ya kupanda gari nikaenda Ruangwa, nikakaa naye kibarazani, nilimwandikia barua. Barua ile ilikuwa na namba ya kumbukumbu. Ilikuwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari, na aya zenye namba, na katika aya ya tatu nilimweleza kaka yangu, aliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikiwa na miaka mitano, kwamba kumzuilia mrithi haki yake ni dhulma na kwamba nampa siku 14 za kujibu. Nakala nilipeleka kwa mama mkubwa. Hakujibu. Siku ya kumi na tano mnunuzi alirudi, nami sikuthubutu kumpa gari, si kwa huruma, bali kwa kuwa saini ya kaka haikuwapo. Basi likakaa chini ya mwembe, na sisi tukakaa hivyo hivyo.

Mwaka huu, msimu wa ufuta ulipokaribia na turubai likahitajika, mama aliniambia nilitoe gari au nilitafutie nguo nyingine. Mnunuzi mwingine, mtu wa Dar es Salaam anayependa magari ya kale, alikuwa amesema kwa simu kwamba likiwaka na kutembea bei itakuwa nyingine. Nikaita fundi wa karibu. Simtaji, kwa kuwa alifanya alichokijua. Betri mpya, petroli mpya, na kabureta zote mbili akazifungua akaziosha katika beseni moja. Alipozirudisha, gari liliwaka. Lakini lilitetemeka kama mtu mwenye homa, likatoa moshi mweusi, na ukikanyaga mafuta lilikohoa likazima. Fundi alikaza hiki akalegeza kile kwa siku mbili, kisha akasema magari haya ya zamani yana majini yake, akaomba nauli.

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Huyo fundi wako kafua kabureta kama anafua sare za shule, zote beseni moja. Mpigie kaka yako."

Niliandika ujumbe mara tatu nikaufuta. Mwishowe nilipiga. Salamu zilipokelewa, zikajibiwa kikamilifu, hazikupunguzwa hata neno. Kisha nikasema gari limeharibika. Kimya. Akauliza, "Kabureta ipi, ya mbele au ya nyuma?" Nikamwambia sikujua kama zinatofautiana. Akashusha pumzi. "Usiliguse. Nakuja kesho baada ya Alasiri."

Kaka yangu ni fundi wa pikipiki. Hakusoma sana shule. Yeye ndiye aliyefanya kazi ili wadogo wasome, jambo ambalo nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua jina la mtaa wake, bila kulifikiria. Alifika na pikipiki yake, vumbi limempaka hadi kope, akamwamkia mama, akanipa mkono, kisha akavua saa. Nilitegemea aende moja kwa moja kwenye kabureta. Hakuzitazama kabisa. Alifungua kifuniko cha vali akapima tapeti, akachomoa plagi nne akazipanga juu ya kipande cha boksi, akasafisha pointi, akaangalia taimingi. Saa mbili nzima. Nilipouliza, alisema baba alimkataza kugusa kabureta kabla ya hayo, kwa sababu kasoro nyingi zinazosingiziwa kabureta hutoka kwenye umeme au kwenye vali, na ukiirekebisha kabureta ifiche kosa la mwenzake, umetengeneza makosa mawili.

Plagi zenyewe zilikuwa zinasimulia. Za silinda mbili za mbele zilikuwa nyeusi, zimejaa masizi. Za nyuma zilikuwa nyeupe kama mfupa. Rangi inayotakiwa ni ya biskuti. Maana yake ni kwamba nusu moja ya injini ilikuwa inashindiliwa petroli na nusu ya pili inakufa njaa, na hapo hakuna uwezekano wa gari kutembea sawa. Kabureta ya mbele hulisha silinda ya kwanza na ya pili, ya nyuma hulisha ya tatu na ya nne, na ingawa kuna mfereji mdogo unaoziunganisha, kila moja ina mzigo wake.

Naomba msomaji anivumilie nieleze kidogo namna kifaa hiki kinavyofanya kazi, maana mimi mwenyewe nilikielewa siku hiyo, nikiwa na miaka thelathini na kitu na cheti ukutani. Kabureta hizi ni za aina ya SU. Juu yake kuna kofia ya chuma iliyo kama chungu kilichofudikizwa, na ndani ya kofia kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa nguvu ya hewa inayovutwa na injini. Chini ya pistoni imefungwa sindano ndefu, nyembamba kuelekea ncha, ambayo huzama ndani ya tundu liitwalo jeti, mnamotokea petroli. Ukikanyaga mafuta, kipepeo hufunguka, hewa huongezeka, pistoni hupanda, na sindano ikipanda nayo upenyo wa jeti huwa mpana zaidi. Hivyo hewa ikiwa nyingi petroli huwa nyingi, na hewa ikipungua petroli hupungua, bila mtu kupima. Walioibuni walikuwa Waingereza, George Herbert Skinner na nduguye Thomas Carl, wa familia ya wauza viatu. Herbert alisajili ubunifu wake 1905, na mwaka 1910 wakaanzisha kampuni. Hapo mwanzo, mahali pa pistoni palikuwa na mvukuto wa ngozi. Kaka alicheka aliposikia hilo la viatu na ngozi, na hicho kilikuwa kicheko cha kwanza.

Akanionyesha kosa la fundi kwa mkono. Aliinua pistoni ya kabureta ya mbele kwa kidole, akaiachia. Inatakiwa ianguke yenyewe na kutoa mlio, tok. Ilishuka nusu, ikakwama. Ya nyuma ilianguka, lakini ililegea, ukiitikisa inacheza. "Kazibadilisha," alisema. Kila pistoni ilisuguliwa kiwandani ilingane na kofia yake. Hazibadilishani hata kama kwa macho ni mapacha. Lakini ipi ni ya ipi? Tuliziweka zote juu ya boksi, kofia mbili na pistoni mbili, zinafanana kama mayai. Ndipo alipokumbuka kwamba baba alikuwa na daftari.

Lilikuwa kwenye kidroo cha dashibodi, chini ya kopo la grisi na tasbihi iliyokatika. Daftari la shule, la mistari, jalada limeliwa na panya pembeni. Dereva wa ushirika alitakiwa kuandika kila safari, maili na lita, na baba hakuwahi kuacha mazoea hayo hata alipostaafu. Mikono ya kaka ilikuwa na mafuta hadi kiwiko, kwa hiyo akaniambia nisome mimi.

Nikasoma. Katika ukurasa wa kwanza ilikuwapo: kofia na pistoni za mbele zina nukta moja iliyochomwa kwa msumari, za nyuma zina nukta mbili. Kaka akazigeuza kwenye mwanga, akazipata, akazirudisha kila moja kwake. Tok. Tok. Nikaendelea kusoma: mafuta ya injini, yale mepesi, yatiwe kwenye shina la pistoni, yasiachwe makavu, la sivyo gari hukohoa ukikanyaga ghafla. (Yalikuwa makavu.) Chini yake: "Bushi ya kipepeo, nyuma. Shilingi 85,000. Katoa mwanangu. Deni."

Nikanyamaza. Ukurasa uliofuata ulikuwa na vipimo vya jeti, na chini yake: diafragmu ya pampu ya petroli, kiasi kadhaa, katoa mwanangu, deni. Kisha matairi mawili. Kisha rejeta. Mwanangu aliyetajwa hakuwa mimi. Ilikuwa ni miaka kumi na moja ya maandishi, tarehe zote zipo, kila mara neno lile la mwisho limeandikwa kwa herufi kubwa kidogo kuliko mengine.

"Ruka hayo," kaka alisema, bila kuinua kichwa. "Soma penye nati ya jeti."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kama mtu aliyeonewa, jambo ambalo sasa linanitia haya. Akajibu kwamba alipoambiwa dhulma, hakuona tena mahali pa kuanzia. Tena hakutaka kudai. Alitaka tu gari lisiende kwenye mzani wa vyuma chakavu kabla sijajua limegharimu nini, na njia ya kunieleza bila kudai hakuijua. Kisha akaniomba tena nisome penye nati ya jeti.

Nati ina pande sita. Unaipandisha mpaka jeti iwe sawasawa na daraja lake, kisha unaishusha mizunguko miwili kamili, ndiyo pande kumi na mbili. Hapo ni mahali pa kuanzia tu. Tukaliwasha gari tukaliacha lipate moto, kwa kuwa injini baridi hudanganya. Adhana ya Magharibi iliadhiniwa, tukaswali pale pale uani, yeye akiwa imamu kwa kuwa ndiye mkubwa na kwa kuwa mimi sikuwa na hali ya kumswalisha mtu.

Tuliporudi aliniletea kipande cha mpira wa petroli, urefu wa mkono. Alilegeza kiungo kinachounganisha kabureta zile, ili kila moja isimame kivyake, akaniambia niweke ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Nilisikia ssss, kama mtu anayepuliza uji. Kisha ya nyuma: sauti nyembamba, ya juu kidogo. Kazi ilikuwa kuzifanya sauti zile ziwe moja. Yeye alizungusha skrubu ya kipepeo, robo ya robo ya mzunguko, nami nilihamisha mpira mbele na nyuma nikimwambia bado, bado, imezidi, rudisha. Siku hizi kuna vipima hewa vya kioo vinavyofanya kazi hiyo, lakini baba hakuwa nacho. Alitumia mpira na sikio, na sikio alilotumia kwa miaka mingi lilikuwa la kaka, tangu akiwa mtoto wa darasa la pili. Hilo nalo sikulijua. Nilidhani baba alikuwa akipenda tu kwenda naye.

Baada ya hewa ndipo inakuja petroli. Unainua pistoni kiasi cha milimita moja hivi na kusikiliza. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli imezidi. Ikianguka kutaka kuzima, petroli imepungua. Ikipanda kidogo tu kisha ikarudi mahali pake, umefika. Na ukishaigusa ya mbele, ya nyuma nayo inahama, kwa hiyo unarudi tena nyuma, kisha tena mbele, kisha unarudia kusikiliza hewa upya. Tulifanya hivyo mpaka Isha ikapita kidogo. Mwisho akakaza kile kiungo, kwa uangalifu kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu kabureta mbili zilizosawazishwa vizuri zikifungwa vibaya, moja hufunguka mapema ikamburuta mwenzake, na kazi yote ni bure.

Kuna msomaji hapo anayesubiri nifananishe kabureta mbili na wake wawili. Mama zangu wote wawili wanasomewa gazeti hili, kwa hiyo sithubutu. Nitasema tu kwamba gari lilipotulia, likinguruma taratibu bila kutetemeka hata glasi ya maji iliyokuwa juu ya boneti, mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, akauliza, "Leo zamu ya nani?" Kisha akakumbuka, akarudi ndani. Mimi na kaka hatukutazamana kwa muda.

Usiku ule nilijumlisha daftari lote. Jumla ilikuwa shilingi 1,860,000. Kila mwanafunzi wa mirathi hufundishwa katika somo la kwanza kwamba kabla ya fungu lolote kuna mazishi, kisha madeni ya marehemu, kisha wasia, ndipo warithi. Mimi nilikuwa nimetangaza baada ya mazishi kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, wakajitokeza watu wawili wa dukani, nikawalipa, nikaandika katika muhtasari kuwa madeni yamekwisha. Aliyekuwa akidai alikuwa ameketi mkekani upande wangu wa kulia.

Nilikwenda kwa sheikh wangu, maana katika jambo linalonihusu sijiamini kutoa jibu. Alinihoji sana. Je, mtoto alitoa kwa kumsaidia baba yake, au kwa makubaliano ya kurudishiwa? Kwa kawaida anachokitoa mtoto bila sharti huhesabiwa wema wake. Lakini hapa mwenyewe baba ameandika deni, na hiyo ni ikirari. Kuhusu ikirari ya mgonjwa wa mauti kwa mrithi wake wanazuoni wana maneno yao, ila hii imeandikwa kidogo kidogo kwa miaka kumi na moja, naye mzima. Ilibaki kuthibitisha mwandiko, na warithi wote ni watu wazima. Nikafunga safari na daftari lile kwa kila mmoja. Dada yetu wa pili, ambaye si mtu wa maneno mengi, alitazama ukurasa mmoja tu akasema herufi ile ya D ni ya baba, haihitaji mahakama.

Deni hukaa juu ya mali yote, si juu ya gari peke yake. Kwa hiyo ilimaanisha kila mmoja wetu alikwisha kuchukua zaidi ya haki yake: kila binti kwa 162,750, kila mtoto wa kiume kwa 325,500, kaka mwenyewe akiwemo, na kila mjane kwa 116,250. Dada zetu si matajiri. Mmoja alikwisha kulipia ada ya mtoto. Mama mkubwa ndiye aliyetoa njia: kaka achukue gari kwa deni lake, na kinachozidi juu ya deni akirudishe kigawanywe. Kwa bei ile ya 2,400,000 ziada ni 540,000, fungu moja ni 6,750. Ukiondoa mafungu yake mwenyewe 14, kaka atawalipa wenzake 445,500 akishauza korosho. Wote tukaridhia. Niliandika muhtasari, safari hii bila namba ya kumbukumbu, tukiwa tumekaa kibarazani kwa mama mkubwa huko Ruangwa, ambako gari lilifika kwa magurudumu yake lenyewe, mimi nikiwa upande wa abiria.

Kaka alikataa kutia saini. Nilidhani tumerudi tulikotoka. Akasema bei ile ni ya gari lililokuwa likifugiwa kuku. Sasa linatembea, na yule mtu wa Dar es Salaam ameshapiga simu mara mbili, kwa hiyo lipimwe upya, asije akawala dada zake. Nikamjibu kwamba limetembea kwa mikono yake, thamani iliyoongezeka ni ujira wake. Akasema sikio lilikuwa langu. Dada wakaanza kucheka. Tukabishana hivyo mpaka chai ikapoa, kila mmoja akipigania haki iende upande wa pili, na mwishowe tukakubaliana suala la bei lirudi kwa sheikh.

Bado halijajibiwa. Sheikh amesafiri kwenda Lindi. Na gari halijakamilika: ekseli ya kipepeo cha kabureta ya nyuma imelika kwa vumbi letu hili jekundu na inavuta hewa pembeni, ndiyo maana ikipata moto sana inapoteza usawa tuliouhangaikia. Fundi wa mashine ya kukereza huko Masasi ameahidi bushi Jumatano. Tulilirudisha chini ya mwembe lisubiri. Kaka amesema ataipitia bushi Masasi, kisha atakuja kuifunga na kulala kwetu, na mama ameshaniagiza niwatoe kuku kwenye kiti cha nyuma kabla hajafika.